Makopo Manne ya Mafuta ya Taa

Tunu alikuwa hajamaliza kulia alipoanza kugomba. Tulikuwa tumeshamzika mama yake, wageni wa mbali wameondoka, na sisi wawili tumebaki katika nyumba ya Ihanda kupanga vyombo na kugawa nguo, kazi ambayo huwezi kuifanya kwa muda mrefu bila kutafuta mahali pa kuketi. Tunu ni muuguzi. Amezoea kuwagombeza wagonjwa, na siku ile alikuwa anamgombeza marehemu. "Malaria, Dada Neema!" alisema, mkononi ameshika chandarua ambacho hakijatolewa kwenye mfuko wake. "Mimi nafundisha watu kijiji kwa kijiji, halafu mama yangu mwenyewe anakufa kwa malaria. Kila nikija namletea chandarua. Unajua anakifanyia nini? Anafunikia miche ya kabichi. Majirani wananicheka!" Mama yake, Shangazi Nambeye, dada wa baba yangu, alikuwa msikivu kwa kila jambo isipokuwa hilo, na niliamini kwamba duniani nilikuwa nimebaki mimi peke yangu ninayejua jambo lile lilianzia wapi. Lakini nilikuwa nimeagizwa nisiseme, na aliyeniagiza alikuwa baba yake Tunu, ambaye alizikwa pale nyuma ya shamba la kahawa kabla Tunu hajaanza shule. Nikainama kuokota khanga iliyoanguka, na hapo nikaona chini ya kitanda alichokuwa akilalia baba yake. Kila mguu wa kitanda ulikuwa umesimama ndani ya kopo la maziwa ya unga, kama zamani. Nilichovya kidole. Makopo yote manne yalikuwa na mafuta ya taa, na mafuta yalikuwa mapya.

Nililetwa katika nyumba ile mwaka niliomaliza kidato cha nne, mvua za kwanza zikianza. Sababu za kuletwa ni habari za wakubwa na hazina ladha, niziache. Ilikuwa nyumba ya matofali mabichi yenye vyumba vitatu, na kuta za ndani hazikufika kwenye bati, kwa hiyo mtu akikohoa sebuleni unamjibu "pole" ukiwa chumbani. Jiko lilikuwa peke yake uani. Nyumba nzima ilinukia kahawa iliyohifadhiwa, moshi na mafuta ya taa. Chumba kikubwa kilikuwa cha Mwalimu, mume wa shangazi, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu hata mkewe alipokasirika. Alikuwa amefundisha baiolojia sekondari mpaka siku alipoomba lifti juu ya lori la kahawa, lori likayumba kwenye tope, naye akaangukia mgongo. Kitanda chake kiliwekwa kando ya dirisha ili aone shamba. Juu ya kiti palikuwa na vitabu, na ukutani ulining'inia mfuniko wa sufuria ambao aliugonga kwa kikombe cha bati alipohitaji mtu. Tunu alikuwa mdogo, anajifunza kuimba, na aliimba mchana kutwa kwa mdundo wa kile kikombe.

Wiki zangu za mwanzo nilimmwagia Mwalimu uji. Nilikuwa nimebeba bakuli la uji wa ulezi kutoka jikoni moja kwa moja, nikajikwaa, uji ukamwagika juu ya mguu wake wa kushoto. Nilipiga kelele. Mwalimu aliinua macho kwenye kitabu akaniuliza, "Kuna nini?" Uji ulikuwa unatoa mvuke juu ya ngozi yake naye ananitazama mimi kwa wasiwasi, akidhani nimeungua. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakuwa na habari. Sijawahi kusahau uso ule wa upole, wa mtu anayekupa pole kwa maumivu ambayo ni yake. Baadaye, tukimenya viazi jikoni, shangazi alinieleza makopo yale ni ya nini. "Huku siafu wakija sisi tunawapisha," alisema. "Unatoa mtoto, unatoa kuku, unafungua mbuzi, unawaachia nyumba. Wanakula panya, wanakula mende, wakimaliza wanakwenda zao. Ukirudi hakuna haja ya kufagia. Lakini Baba Tunu atatokaje? Na wakimpanda miguuni atajuaje?" Alikata kiazi vipande viwili. "Kwa hiyo makopo yasikauke. Ukisahau kumwagilia kabichi nitakusamehe." Hakuwa anatania, na tangu siku hiyo kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, niliinama chini ya kitanda.

Mwalimu mwenyewe hakuwachukia siafu. Mtu aliyelala dirishani mwaka mzima lazima apate kitu cha kufuatilia, na yeye alifuatilia wadudu. Nje ya dirisha palikuwa na kichuguu, na karibu kila jioni sungusungu, wale weusi wakubwa wanaonuka vibaya ukiwagusa, walikuja kuwinda mchwa. Alinifundisha kumtambua wa kwanza. "Yule anatembea ovyo, umemwona? Hajui anaenda wapi. Sasa subiri." Mdudu yule alizungukazunguka, akafika penye mchwa, kisha akageuka na kurudi alikotoka, safari hii amenyooka, tumbo linagusa ardhi. "Anaandika," Mwalimu aliniambia. "Anapaka harufu. Akifika kwao hasemi neno, wenzake wanainusa barabara kwa vile vipembe vya kichwani, na jeshi linatoka." Na kweli lilitoka, mstari mmoja mweusi, likapita palepale alipopita yule mmoja mpaka kwenye mchwa. Siku nyingine alinituma nje nifute ardhi kwa jani bichi, upana wa kiganja tu. Jeshi lilisimama pale kama watu waliofika mtoni wakakuta daraja limechukuliwa. Wakapapasa, wakageuka, wakagongana, mpaka mmoja akabahatisha ng'ambo na wengine wakafuata. Mwalimu alicheka hadi akakohoa. Usiku wa kumbikumbi tulipowala kwa ugali, alisema sisi na sungusungu ni washirika: wao wanakula vibarua, sisi tunakula mabwana harusi.

Kuhusu siafu alizungumza kwa heshima zaidi. Aliniambia siafu ni kipofu, na kila anayepita anaongeza harufu yake juu ya harufu ya aliyemtangulia, kwa hiyo njia yenye nyama inazidi kunukia na kuita wengine. "Hakuna mkubwa anayetoa amri, Neema. Hakuna mwenyekiti." Na kulikuwa na harufu nyingine, ya hatari, inayotoka siafu anapopondwa. "Ukimkanyaga mmoja umeshapiga mbiu. Wote wanauma." Nilidhani ananifundisha kwa sababu alikuwa amekosa darasa. Sasa, katika umri huu wangu, nadhani alikuwa ananiandaa.

Mimi leo ninaishi Tunduma na nina duka la vitenge. Wateja kutoka ng'ambo huniita bamayo, yaani mama, na ndugu zangu hunishangaa kwa nini nilipanga nyumba mita chache kutoka foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, yanayounguruma hadi asubuhi. Wanadhani ni ubahili. Ukweli ni kwamba harufu ya dizeli ndiyo inayonilaza. Nikienda kulala kwa watu wenye nyumba safi, zenye maua dirishani na hewa nzuri, nakesha. Napapasa godoro, napapasa miguu yangu mwenyewe, naiminya nijue kama bado inasikia. Mume wangu wa kwanza alilalamika kwa wazee kwamba anaishi na mlinzi. Tulicheka sote, na sikumweleza.

Kuta zile zisizofika juu zilinifundisha mambo mengi kuliko vitabu. Kulikuwa na jioni moja, Tunu ameshalala, nami najifanya nimelala. Mwalimu alisema, "Mama Tunu, wewe bado kijana. Rudi kwenu Mbangala. Ndugu zangu watanitunza." Shangazi alikuwa anakunja nguo, nilisikia khanga ikipigwa hewani. "Nirudi nikawaambie nini? Kwamba niliolewa na miguu?" Mwalimu akasema polepole kwamba yeye ni mzigo. "Mzigo ninaubeba mimi," shangazi alijibu, "kwa hiyo uzito wake ninaujua mimi. Wewe nyamaza ulale, mbu wanakuuma." Nadhani ndipo wazo la chandarua lilipomwingia. Mbu walimuuma Mwalimu miguuni naye hawapigi kwa sababu hawasikii, na asubuhi tulikuta vipele vimejaa mpaka magotini. Wiki ile ile shangazi aliondoka kwa miguu hadi Vwawa kutafuta chandarua, kitu ambacho siku hizo kilikuwa adimu, na akarudi jioni ameloa, miguu imechubuka, anacheka peke yake njiani. Alipanda kwenye kiti akakifunga mwenyewe kwa kamba ya katani kwenye mti wa paa, juu kabisa ya kitanda, na kingo akazichomeka chini ya godoro. "Sasa umekuwa bibi harusi," alimwambia mumewe. Mwalimu alitazama juu kwa muda, akamshukuru. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba kitanda kilichosimama kisiwani kilikuwa kimepata daraja.

Siafu walikuja mwezi wa tatu, mchana, baada ya chakula. Shangazi alikuwa ameenda mashineni kusaga mahindi, Tunu mgongoni. Mawingu yalikuwa mazito, nami nilikuwa jikoni nachambua maharage. Kwanza kuku walilia na kuruka juu ya uzio. Kisha nikaona mende wanatoka chini ya mlango wa nyumba mchana kweupe, halafu panya, halafu panya mwingine amebeba mwanawe mdomoni. Kikombe kiligonga mfuniko, taratibu, mara moja. Niliingia nikiwa naangalia chini, na sakafu ilikuwa safi, na makopo yalikuwa yamejaa. Nikapumua. "Neema," Mwalimu aliita kutoka ndani ya chandarua, sauti ile ile ya darasani, "usikimbie. Tazama juu."

Kamba ilikuwa inatembea. Walikuwa wamepanda ukuta wa nyuma, wakapita juu ya mti wa paa, na sasa walikuwa wanateremka kwa kamba ya katani, wekundu, wamebanana, unene wa kidole changu, na chandarua cheupe kilikuwa kimebadilika rangi hadi katikati. Nilinyakua ufagio. "Weka chini," alisema. "Ukimponda mmoja hapa juu yangu, tumekwisha. Chukua kitambaa, chovya kwenye kopo. Panda kiti. Shika kamba pale juu kabisa, uifute." Nilifanya hivyo. Mafuta yalikuwa yananichuruzika hadi kwapani, wengine wameshanipanda shingoni na wananiuma, nami nauma midomo. Waliokuwa juu ya paa walifika kwenye mafuta wakarudi nyuma. Waliokuwa chini wakapoteza njia, wakaanza kuzunguka juu ya chandarua wakipapasa, kama wale wa kwenye kichuguu. Nikadhani tumeshinda. Ndipo nilipoona kona ya miguuni, pale shangazi alipofungua asubuhi ili kumgeuza, pindo halikuchomekwa vizuri, na blanketi lilikuwa linachezacheza.

Nililifunua. Yale niliyoyaona sitayaandika yote. Mwalimu hakutazama miguu yake. Alinitazama mimi usoni. "Wako wengi?" aliuliza. Nikamwambia wachache. "Uso wako hausemi wachache," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikatika. Nilimshika kwapani nikamvuta na godoro lake mpaka chini, nikalikokota godoro sebuleni, uani, hadi jikoni, mvua ikiwa imeanza. Sijui nguvu zilitoka wapi. Baadaye nilijaribu kulisogeza lile godoro tupu nikashindwa. Nilizungushia majivu ili wengine wasivuke, nikapiga magoti, nikaanza kumbandulia siafu mmoja mmoja. Siafu ukimvuta mwili unakatika, kichwa kinabaki kimeuma. Nilikuwa nalia kwa sauti, na Mwalimu, ambaye hakuwa anasikia maumivu yoyote, alikuwa ananibembeleza mimi. "Mwaka mzima nimewasoma," alisema, "leo wamekuja kunisoma." Alipoona sicheki, alinishika mkono. "Sikiliza, binti. Mama Tunu akirudi, mwambie wamepita dirishani." Nilimwambia Mwalimu, si kweli, wamepita kwenye kamba. "Kamba aliifunga yeye," alisema. "Dirisha halina mwenyewe. Nakuomba."

Shangazi alirudi na unga uliolowa, akatukuta kwenye duara la majivu. Hakupiga kelele. Alimkabidhi Tunu kwangu, akaweka sufuria motoni, akatia chumvi ya Ivuna ndani ya maji, akaanza kuosha ile miguu kidonda kwa kidonda, akiongea na mumewe kuhusu foleni ya mashineni kana kwamba hakuna lililotokea. Tulilala jikoni. Kesho yake siafu walikuwa wameondoka na nyumba ilikuwa safi kiasi kwamba ilitisha, hata buibui hakuna. Shangazi aliingia peke yake. Nilimwona kupitia mlangoni amepanda kwenye kiti, anakikata chandarua kutoka kwenye kamba, kisha akasimama pale juu akiwa ameziba uso kwa kiganja. Nilidhani analia. Aliposhuka macho yake yalikuwa makavu. "Wamepita wapi, mwanangu?" aliniuliza. Nikasema, "Dirishani, Shangazi." Alinitazama kwa muda. "Haya," alisema. "Tutaziba dirisha." Na akaliziba kweli kwa mbao, na Mwalimu hakuona tena kichuguu chake.

Vidonda vya miguu isiyosikia haviponi. Viliungana, vikachimba, harufu ya chumba ikabadilika, na homa ikaanza kuja jioni. Tulimpeleka hospitali, tukamrudisha, tukampeleka tena. Alifariki wakati wa kuvuna kahawa, watu wako shambani, na shangazi ameshika mkono wake huku akimsimulia bei za msimu. Hadi siku ya mwisho Mwalimu alilaumu dirisha. Wageni walipouliza aliwaambia: dirisha, jamani, uzembe wangu, nilipenda hewa. Aliisema mbele ya mkewe, kila mara, na mkewe alitikisa kichwa kukubali na kumfunika blanketi. Mimi niliondoka Ihanda mvua zilipoanza tena. Kwa miaka yote iliyofuata nikija kumsalimia shangazi tuliongea habari za kabichi, na nilijisifu moyoni kwamba angalau yeye hana mzigo ule.

"Utalala humu," Tunu aliniambia, jua likielekea kuzama. "Na utalala ndani ya chandarua, utake usitake. Siziki watu wawili mwezi mmoja." Akapanda kwenye kiti kabla sijamzuia, akanyoosha mkono juu gizani kwenye mti wa paa. "Kumbe kuna kamba hapa," alisema. Akaleta vidole puani, akaziba uso kwa kiganja, palepale, vilevile alivyosimama mama yake. "Dada, hii kamba mbona inanuka mafuta ya taa? Imeloa. Imepakwa juzijuzi tu."

Nilikaa kitandani. Nilikuwa nimeifuta kamba ile kwa mkono wangu na kuiacha inanuka, halafu nikasimama mlangoni nikasema dirishani. Shangazi alikuwa amejua tangu asubuhi ile. Alijua kila mara Mwalimu alipolaumu dirisha mbele ya wageni, na akamwachia, ili afe akiamini kwamba amemficha. Kisha akabaki akiipaka mafuta kamba isiyofungwa kitu, na kuyajaza makopo ya kitanda kisicholaliwa na mtu, mpaka mbu wakamchukua. Nilimlilia shangazi siku ile kuliko nilivyomlilia kaburini. Tunu alishuka, akaogopa, akanishika mabega. "Nini, Dada? Nimesema nini?" Nikamwambia akae, mama yake hakuwa mkaidi. Nikamsimulia yote, kuanzia kuku waliporuka juu ya uzio.

Nilipomaliza alikaa akitazama miguu yake mwenyewe. Kisha akainuka, akachovya kitambaa kwenye kopo, akapanda kiti, akaifuta kamba yote kuanzia juu hadi mwisho wake, mara mbili, kwa uangalifu wa muuguzi, na ndipo akafunga chandarua. Akachomeka kingo chini ya godoro, akarudia kona ya miguuni. Akaniuliza kama harufu itanisumbua. Nikamwambia hapana.